Ajali Iliyotarajiwa Namba Moja

Nchi ninayoisimulia sitaitaja. Si kwa woga. Mwaka juzi mwenzangu mmoja wa ofisini aliitaja kwa jina lake kamili katika barua ya kuomba likizo, barua ikapita meza saba ikitafutwa maana yake ya ndani, na hadi leo likizo hajapata na kazini hajarudi. Itoshe kusema ni nchi nzuri, ina bendera, ina wimbo, na wizara zake ni nyingi kuliko mito yake.

Mimi nilikuwa karani wa kumbukumbu katika Baraza la Majeraha Halali. Wageni wakilisikia jina hilo hucheka, kwa kuwa kwao jeraha ni jeraha tu. Sisi tumeendelea. Kwetu jeraha la mfanyakazi halijawa jeraha mpaka Baraza liseme. Kabla ya hapo ni madai ya maumivu, na mwenye nayo huitwa mlalamikaji, hata kama hajalalamika.

Kazi yangu ilikuwa kuandika yanayosemwa. Haya ya Sikudhani Mtepa mengine niliyaandika mwenyewe barazani. Mengine alinisimulia yeye baadaye, kwa kuwa alikaa sana kwenye benchi lililo nje ya dirisha langu, na mtu akikaa sana mahali huishia kuongea na aliye karibu.

*

Sikudhani alikuwa na miaka arobaini na mmoja, na kumi na saba kati ya hiyo aliitumia katika kiwanda cha Sabuni ya Utulivu. Alikuwa mgongaji wa mihuri. Mche wa sabuni unawekwa chini ya mashine kwa mkono wa kulia, chuma kinashuka, kinaandika UTULIVU, mche unatolewa kwa mkono wa kushoto. Halafu mwingine. Halafu mwingine.

Mashine yake, namba nne, iliwahi kuwa na wavu wa kukinga vidole. Wavu ulivunjika miaka sita kabla ya haya. Msimamizi wa zamu, mtu mmoja mrefu na mtaratibu aitwaye Lutengano, aliandika barua kwa uongozi kuomba wavu mpya. Aliandika barua kumi na moja. Kumi hazikujibiwa. Ya kumi na moja ilijibiwa kwa kumpongeza kwa mwandiko mzuri.

Nje ya geti palikuwa na ubao mkubwa wa kijani ulioandikwa LEO NI SIKU YA, kisha tarakimu, kisha BILA AJALI. Kila asubuhi mlinzi alipanda ngazi akabadilisha tarakimu. Wizara ya Kazi na Furaha ilikuwa imetangaza kwamba kiwanda cha kwanza kufikisha siku elfu moja kitapewa Ngao ya Usalama, na Waziri ataileta mwenyewe. Asubuhi hiyo ubao ulisoma mia tisa tisini na nne.

Saa nne chuma kilishuka mkono wa Sikudhani ukiwa bado ndani.

Hakupiga kelele. Aliniambia kwamba kwanza alidhani ni mkono wa mtu mwingine, akatazama pembeni kumtafuta mwenyewe. Lutengano aliizima mashine, akainua chuma, akavua shati lake akamfunga nalo, akamshika bega wakaenda zahanati ya kiwanda, yeye akiwa na fulana tu. Aliporudi alikuta amri imeshafika kwamba mashine isafishwe upesi na kazi iendelee. Aliisafisha mwenyewe, kwa sababu wenzake hawakutaka kuikaribia.

Zahanatini palikuwa na tabibu mmoja na daftari moja.

“Umeumia wapi, mama?” tabibu aliuliza.

“Hapo ndani. Mashine namba nne.”

Tabibu alipitisha kidole kwenye daftari. “Mashine sina. Nina jikoni, shambani, barabarani na mapenzi ya Mungu.”

“Lakini ndiko ninakotoka sasa hivi. Si umeniona nikiletwa?”

“Nimekuona ukiingia. Ulikotoka sikuona.” Alikuwa akimfunga bandeji taratibu, kwa huruma, na sina budi kusema kwamba karibu kila mtu katika habari hii alikuwa mpole. “Mama, zimebaki siku sita. Na mimi nina familia. Jikoni si pabaya.”

Akaandika jikoni.

*

Siku ya elfu moja ilifika salama. Wafanyakazi wote waliokuwa na bandeji, magongo au plasta walipewa mapumziko ili wasichoke kushangilia. Walikuwa thelathini na wawili. Sikudhani alikuwa amelala kwenye nyumba za wafanyakazi nyuma ya kiwanda, homa imempanda, akasikia tarumbeta na makofi kupitia dirishani. Waziri alihutubia saa moja na nusu, na kwa kuwa hotuba ilichapishwa magazetini, siwezi kuambiwa nimezua.

“Ndugu zangu,” alisema Waziri, “usalama si chuma. Usalama si wavu. Usalama ni fikra. Mfanyakazi mwenye fikra salama, hata akiingia ndani ya mashine, atatoka mzima.”

Mkurugenzi wa kiwanda alipokea Ngao kwa mikono yote miwili.

Wiki iliyofuata Sikudhani alikwenda Hospitali Kuu. Daktari wa mifupa aliutazama mkono, akaipiga picha mifupa, kisha akamwambia ukweli, ingawa kwa sauti ya chini. Mifupa ya vidole vitatu vya katikati ilikuwa imekaa vibaya. Ilipaswa kupasuliwa, kunyooshwa na kuungwa upya. Ikifanyika ndani ya miezi minne, mkono utafunga na kufungua. Ikipita hapo, vidole vitakauka hivyo hivyo vilivyo.

“Basi nipasue,” Sikudhani alisema.

“Una namba ya ajali?”

Hakuwa nayo. Aliyeumia kazini na akawa na namba hupasuliwa wiki hiyo hiyo, na kwa hilo sheria yetu ni nzuri kuliko za nchi nyingi. Aliyeumia jikoni huingia foleni ya jikoni. Foleni ya jikoni wakati huo ilikuwa inawahudumia walioungua miaka tisa iliyopita.

Nyumbani alikuwa akiishi na mama yake mzazi, Bi. Mwanahawa. Sasa mama ndiye aliyekuwa anamkamulia nguo, anammenyea muhogo, anamfunga hata khanga. Jioni moja, wamekaa kibarazani, mama alisema bila kuinua macho kutoka kwenye sinia, “Mwanangu, kubali tu kwamba ulikuwa jikoni. Wakitutoa kwenye nyumba hii tutakwenda wapi?”

“Mama, sisi tuna kisu kimoja, na hicho hapo unacho. Hata muhogo kinaukwaruza tu.”

“Najua.”

“Basi niseme kimenivunja mifupa?”

Bi. Mwanahawa alichukua muhogo mwingine. Aliendelea kumenya.

*

Serikali yetu haimwachi aliyeumia peke yake. Ipo Ofisi ya Msaada wa Kisheria kwa Walioumia Kazini, orofa ya nne, jengo lisilo na lifti. Chini, mlangoni, kuna tangazo: WASIOWEZA KUPANDA NGAZI WAFIKE DAWATI LA MAHITAJI MAALUMU, OROFA YA NNE.

Sikudhani miguu alikuwa nayo, akapanda. Mhudumu wa mapokezi alimwambia alete barua ya mwajiri ikithibitisha kwamba ameumia kazini. Akaenda kwa mwajiri. Huko wakamwambia barua kama hiyo hutolewa tu kwa maombi ya wakili wake. Akarudi orofa ya nne. Wakili, akaambiwa, huwaombea barua wateja waliosajiliwa, na usajili unahitaji barua ya mwajiri.

Hakuelewa mara ya kwanza, akadhani ni yeye. Alirudi kesho yake, na keshokutwa. Wiki ya pili mhudumu alimhurumia akampa fomu ya kujaza wakati akisubiri. Fomu ilitaka ijazwe kwa mwandiko wa mhusika. Aliijaza kwa mkono wa kushoto, ikarudishwa kwa sababu sahihi haikufanana na ile aliyoiweka alipoajiriwa.

“Ile niliiandika kwa mkono huu,” alisema, akauinua ule uliofungwa.

“Basi tumia huo,” mhudumu alisema. Hakusema kwa ubaya. Ilikuwa karibu saa sita na yeye pia alikuwa amechoka.

Siku hiyo, akishuka, alimkuta mzee mmoja amekaa kwa mama muuza chai chini ya jengo. Alikuwa amevaa koti lililopigwa pasi mpaka likang’aa kwenye viwiko.

“Mama, kila siku nakuona unapanda na kushuka,” mzee alisema. “Jina langu Chiwalala. Mimi ndiye wakili unayenitafuta.”

“Nimeambiwa huonani na mtu asiye na barua.”

“Huko juu, ndiyo. Hapa nakunywa chai tu. Kaa.”

Akakaa. Chiwalala alimwagizia chai na maandazi mawili. Alikuwa na miaka ishirini na tisa katika ofisi ile. Ofisi hupimwa kwa uchache wa malalamiko, na mwaka uliofanikiwa kuliko yote ni ule ambao ufunguo wa mlango ulipotea.

“Nisikudanganye,” alisema. “Sijawahi kushinda shauri. Sijawahi kushindwa pia. Hayajawahi kufika mwisho.”

“Kwa hiyo unanishauri nirudi nyumbani?”

Chiwalala aliutazama mkono wa Sikudhani. “Hapana. Naona nimechoka kuwashauri watu warudi nyumbani. Hebu nieleze, anzia asubuhi ulipoamka.”

Akamweleza. Mzee aliandika yote kwenye karatasi iliyofungia maandazi, kwa herufi ndogo ndogo, akiepa sehemu zenye mafuta. Alipomaliza akamwambia kwamba ndani ya Sheria ya Majeraha Halali, ukurasa wa mwisho kabisa, kipo kifungu kinachomruhusu jirani mwema kupeleka malalamiko barazani bila barua ya mtu yeyote. Hakijawahi kutumika, kwa kuwa aliyeitunga sheria alishafariki na hakuna mwingine aliyefika ukurasa huo.

“Wewe unaishi wapi?” Sikudhani aliuliza.

“Ng’ambo ya mji.”

“Sasa utakuwaje jirani yangu?”

“Sheria haijataja umbali,” Chiwalala alisema. “Kunywa chai, inapoa.”

*

Hivyo ndivyo shauri lilivyofika kwetu.

Kikao cha kwanza kiliahirishwa kwa sababu jalada lililoletwa lilikuwa la Sikudhani mwingine, mwanamke aliyeng’atwa na mbwa wa posta. Kwa kuwa hilo liligundulika mwishoni, huyu wetu alihojiwa saa nzima kuhusu mbwa, na majibu yake yapo kwenye kumbukumbu. Kikao cha pili pangaboi lilikuwa limeharibika. Cha tatu Mheshimiwa Mwenyekiti alikuwa amesafiri ng’ambo kwenye kongamano juu ya kuharakisha haki, lililochukua wiki saba.

Miezi minne ya daktari iliisha Alhamisi moja. Siku hiyo alikuwa kwenye benchi, nje ya dirisha langu. Nilimwona akijaribu kufunga mkono. Ulifika nusu ukagoma, kama mlango uliovimba kwa mvua. Akaujaribu tena, kisha akauweka mapajani akaufunika kwa khanga.

“Leo hawatakuita,” nilimwambia.

“Nakaa kidogo tu,” alijibu. Alikaa mpaka tukafunga.

Tulimsikiliza mwezi wa nane tangu aumie. Mwenyekiti alifungua kikao kwa maneno yaleyale ya siku zote. “Baraza hili haliegemei upande wowote. Linamshukuru mwajiri kwa kutoa kazi, na linamshukuru mlalamikaji kwa kuumia kwa kufuata utaratibu.” Kisha akavua miwani. “Mlalamikaji, wakati unaumia ulikuwa na nia gani?”

“Kuweka sabuni, mheshimiwa.”

“Si kuumia?”

“Hapana, mheshimiwa.”

“Andika,” akaniambia. “Hakuwa na nia.”

Mkurugenzi alisimama kuutetea upande wake. Alikuja na Ngao imefungwa kwenye kitambaa cha mahameli, akaiweka mezani, wajumbe wawili wakainama kidogo. Alisema kiwanda chake kimepitisha siku elfu moja bila ajali, Waziri ni shahidi, daftari la zahanati ni shahidi, na mama huyu aliumia jikoni kwake kama daftari linavyosema.

Chiwalala aliinuka taratibu. Magoti yalikuwa yanamsumbua. “Mheshimiwa, naomba mlalamikaji auonyeshe mkono, na Baraza liusome.”

Sikudhani alifungua khanga akauweka mkono juu ya meza. Wajumbe walivaa miwani, wakasogea. Kwenye vidole vitatu vya katikati, kovu lilikuwa limekaa wazi kama chapa.

“U,” alisoma Mwenyekiti. “T. U.” Akainua macho. “Ndilo neno zima?”

“Ni mwanzo wake, mheshimiwa. Lililobaki lilipiga chuma kitupu.”

“Hilo halina ajabu,” Mkurugenzi alisema kutoka alipokuwa. “Kila jiko la nchi hii lina sabuni yetu.”

Wajumbe wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Nilidhani shauri limeisha. Chiwalala naye nadhani aliwahi kudhani hivyo mara nyingi maishani mwake, kwa sababu hakushtuka. Alifungua daftari la uzalishaji la kiwanda, ambalo Mkurugenzi mwenyewe alilileta ili kuonyesha jinsi kazi inavyokwenda.

“Bwana Mkurugenzi, siku hiyo mashine namba nne ilisimama dakika arobaini. Ilisimama kwa ajili ya nini?”

“Kwetu mashine haisimami ovyo,” Mkurugenzi alisema kwa fahari. “Ilikuwa inasafishwa.”

“Ilichafuka na nini?”

“Na uzembe wa mfanyakazi.”

“Huo uzembe una rangi gani?”

Mkurugenzi alimtazama Mwenyekiti. Mwenyekiti akayatazama makaratasi yake. Nyuma ya ukumbi mtu mrefu alisimama, akashika kiti cha mbele yake kwa mikono miwili.

“Ni damu,” Lutengano alisema. “Niliisafisha mimi. Ndoo tatu.”

“Nani amekuruhusu kusema?” Mwenyekiti aliuliza.

“Hakuna, mheshimiwa.” Lakini hakukaa. Alitoa kwenye mfuko wa plastiki nakala za barua zake kumi na moja, akapita katikati ya viti, akaziweka mezani kando ya Ngao. “Nilisema itatokea. Nilisema kila mara. Mara nyingine niliandika hata kidole gani kitaanza.”

Katibu wa Baraza aliniinamia sikioni, akaniomba, kwa ajili ya heshima ya kumbukumbu, nisiandike damu, niandike unyevunyevu. Nilikuwa nimebakiza miaka miwili kustaafu. Niliandika unyevunyevu.

*

Uamuzi ulitoka baada ya wiki tano nyingine. Mwenyekiti aliusoma asubuhi nzima, na mimi nitaufupisha.

Baraza limeridhika kwamba mlalamikaji aliumia kwenye mashine. Lakini ajali, kwa maana yake, ni jambo lisilotarajiwa. Jambo hili lilitarajiwa mara kumi na moja kwa maandishi, tena kwa mwandiko mzuri. Kwa hiyo si ajali. Kwa kuwa si ajali, siku elfu moja zinabaki elfu moja, Ngao inabaki ilipo, na kwa kuwa hakuna ajali hakuna namba.

Mkurugenzi akaanza kuikunjia Ngao kitambaa chake.

Chiwalala alisimama. “Nashukuru sana, mheshimiwa. Ni uamuzi uliotulia. Naomba nakala yake niipeleke polisi.”

“Polisi kuna nini?”

“Kama mtu alijua, akakumbushwa mara kumi na moja, akaacha itokee, basi hapa tumekosea mlango. Hilo si jambo la Baraza la Majeraha. Kumuumiza mtu kwa kujua hushughulikiwa na wale wa kule.”

Alisema hivyo bila kupandisha sauti. Kwa kweli alionekana kama mtu anayetaka kwenda kulala. Lakini Mkurugenzi aliacha kukunja kitambaa, na Mwenyekiti akatangaza mapumziko ya chai.

Chai ilianza saa tano na ikaisha saa tisa. Waliporudi, Mwenyekiti alisoma nyongeza iliyoandikwa kwa penseli. Kuanzia leo, alisema, nchi yetu inatambua aina mpya ya ajali, nayo ni Ajali Iliyotarajiwa, ambayo kwa upande wa mlalamikaji ni ajali, na kwa upande wa ubao si ajali. Mlalamikaji anapewa namba moja ya aina hiyo. Akaongeza kwamba huu ni mchango mkubwa wa taifa letu katika elimu ya sheria duniani, na anategemea kuuwasilisha kwenye kongamano lijalo.

Sikudhani alikuwa amesinzia akiwa ameegemea ukuta. Chiwalala alimgusa bega.

“Mama. Umeshinda.”

Alifumbua macho, akatazama ukumbi, watu wakitoka. “Mbona sisikii kitu?”

“Hata mimi,” Chiwalala alisema. “Ndiyo mara yangu ya kwanza. Labda huja kesho.”

*

Alipasuliwa mwezi wa kumi tangu aumie. Mifupa ilikuwa imeshaungana ilivyotaka, ikabidi kwanza ivunjwe. Yule daktari wa mifupa alisimama kando ya kitanda chake siku moja kabla, akipekua karatasi.

“Ungekuja mapema ingekuwa kazi ndogo,” alisema.

“Nilikuja mapema.”

Daktari alirudi nyuma kwenye jalada, karatasi baada ya karatasi, mpaka akafika kwenye picha ya kwanza ya mifupa na akaiona sahihi yake mwenyewe. Alisimama nayo mkononi.

“Samahani, mama,” alisema.

Nimepitia jalada lote la shauri hili, tangu karatasi ya maandazi hadi nyongeza ya penseli, na neno hilo halimo hata mara moja. Aliniambia yeye Sikudhani, na aliniambia kwamba usiku wake alilala vizuri.

Kidole kimoja kilirudi. Viwili vilibaki vimenyooka, na baridi ikiingia vinamuuma. Anaweza kushika kijiko na kufunga khanga yake mwenyewe, fundo legelege. Nguo mama yake bado anamkamulia. Kiwanda kilimpa kazi nyepesi, ya kugawa aproni stoo, na nyumba hawakunyang’anywa, kwa kuwa Mkurugenzi hakutaka kusikia tena neno polisi.

Lutengano alipewa barua mbili siku moja. Ya kwanza ilimpongeza kwa kusema ukweli, ya pili ilimfukuza kazi kwa kuweka nyaraka za kampuni nyumbani. Sasa anatengeneza baiskeli karibu na soko. Nilimpelekea yangu mwezi uliopita. Aliitazama breki muda mrefu kisha akaniambia nisiipande mpaka aimalize, nami nikaiacha.

Chiwalala alipandishwa cheo. Wizara ilimteua kuwa Wakili Mkuu wa Walioumia Kazini katika mkoa wa kaskazini kabisa, ambako hakuna kiwanda, hakuna mgodi, na kwa maelezo ya waliofika hakuna pia kazi. Kabla ya kuondoka alipita stoo kumuaga Sikudhani, akampa kitabu chake cha Sheria ya Majeraha Halali, kimechakaa, kimeshonwa kwa uzi.

“Mzee, mimi sheria siijui,” Sikudhani alimwambia.

“Hata wao,” alisema. “Wewe angalau umefika ukurasa wa mwisho.”

Ile Ofisi ya orofa ya nne haijapata wakili mwingine. Mhudumu wa mapokezi bado yupo na anapokea.

*

Nilibakiza miezi minne kustaafu alipotokea tena dirishani kwangu, Jumanne asubuhi. Hakuwa peke yake. Alikuwa amemshika mkono mwanamke mmoja mwembamba wa makamo, anayetembea kwa kukanyaga kisigino kimoja, mguu mwingine umezungushiwa kitambaa mpaka kwenye goti. Kiunoni alikuwa bado amefunga aproni ya kiwanda.

“Karani, huyu anaitwa Tunu,” Sikudhani alisema. “Wa kwenye mapipa ya kuchemshia. Pipa lilitoboka, maji ya magadi yakammwagikia. Wiki iliyopita. Zahanati wameandika kajimwagia uji.”

Tunu alikuwa ametazama chini. “Lile pipa lilikuwa linavuja tangu mwaka jana,” alisema polepole. “Tulishasema. Tuliandika na chaki ukutani.”

“Chaki ipo bado,” Sikudhani alisema. “Nimewaambia wenzake wasiifute, na mlango wa pale wanaulinda kwa zamu.” Akaweka kitabu cha Chiwalala dirishani. “Namleta mimi. Mimi ni jirani yake, na kweli ni jirani, ukuta wetu mmoja. Tunaomba namba mbili.”

Niliwaeleza utaratibu kama ninavyotakiwa. Kwamba malalamiko yataandikishwa, kisha yatapangiwa kikao, kwamba vikao huahirishwa, kwamba Mheshimiwa Mwenyekiti yupo safarini na haijulikani anarudi lini. Nilimtazama Tunu usoni na kumuuliza ameumia wapi. Akaniambia. Nikaandika alivyosema, neno kwa neno, kwa wino, na Katibu alipopita nyuma yangu nikageuza ukurasa.

“Leo hamtaitwa,” nikawaambia. “Wala wiki hii. Mngekwenda tu nyumbani.”

“Tunajua,” Sikudhani alisema. Alimkalisha Tunu kwenye benchi, akamwinulia mguu ule mbovu akauweka juu ya kikapu, kisha akakaa naye akatoa bakuli lililofungwa kwa kitambaa. “Tumekuja na chakula.”